Bastola ya kiunoni: kabla hujaipeleka kwa fundi

Mwezi wa sita kijana mmoja mnunuzi wa viazi, mtu wa upande wa Uporoto kule Mbeya, alipita dukani kwangu Mafinga. Ilikuwa asubuhi ya ukungu mzito, hata rundo la mbao la uani lilikuwa halionekani. "Kamwene, mzee." "Kamwene, habari za njia?" Alivuta kigoda mpaka karibu na jiko la mkaa, akatazama mlangoni, akashusha sauti kama anayeulizia dawa ya siri.

"Mzee, ile kitu nimepata. Leseni imetoka. Ila traiga yake, pale pa kuvuta kwa kidole, ngumu, nikivuta mkono wote unatikisika. Kuna fundi kasema ataipunguza nusu, na ni kazi ya nusu saa tu. Nimpe?"

Nikamwambia asimpe. Kisha tukakaa mpaka karibu saa sita nikimweleza kwa nini, maana kumkataza mtu bila kumpa sababu ni kumtuma akafanye kwa siri. Haya hapa chini ndiyo tuliyoongea, nimeyapanga kidogo. Nawasemesha wenye bastola za leseni, wanaozibeba kila siku kwa sababu ya kazi: wanaokwenda vijijini na fedha za kununua miti, mahindi, kahawa, dhahabu. Siku hizi malipo mengi yanapita kwenye simu, lakini kuna mzee wa shamba bado anataka azihesabu noti zake mwenyewe, na wewe ndiye unayezibeba. Kama silaha yako haina leseni, hapa hapakufai. Ipeleke polisi.

Hatua ya kwanza: soma leseni kabla hujaishika bisibisi

Toa kile kitabu chako ukisome pole pole. Kinataja aina ya silaha, kaliba (unene wa risasi yake) na namba yake. Serikali haikukuruhusu kumiliki "bastola", ilikuruhusu kumiliki bastola ile, yenye namba ile. Kwa hiyo badiliko lolote linalogusa vitu hivyo vitatu, yaani kubadili mtutu uwe wa kaliba nyingine au kukwangua mahali penye namba hata kama ni kwa ajili ya kupaka rangi tu, limeshatoka kwenye ufundi na kuwa jinai. Sheria inayotuongoza Tanzania ni ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991. Katika sheria hii kutengeneza na kukarabati silaha ni kazi ya mwenye leseni ya kazi hiyo.

Hapo ndipo swali la kwanza kwa fundi linapotoka: "Leseni yako ya ufundi wa silaha iko wapi?" Usione haya kuuliza. Huku kwetu mafundi wa chuma ni wengi na wana mikono ya ajabu. Wapo wanaojua kufua gobole la kufukuzia ngedere shambani kwa bomba na kipande cha reli. Namheshimu mtu wa aina hiyo kwa jembe na panga. Bastola simpi, na sheria hainiruhusu kumpa. Hata kumwachia silaha yako alale nayo ni kosa lako, wala si lake peke yake.

Kama una jambo unalotaka kubadili, anza na ofisi ya polisi ya wilaya iliyokupitishia maombi. Waulize, na waonyeshe unachotaka kufunga au kuondoa. Ukiambiwa sawa, omba iandikwe. Jibu la mdomo linahama pamoja na afisa aliyelitoa.

Hatua ya pili: jua unalalamikia nini

Kijana alisema traiga ngumu. Nilimuuliza amefyatua risasi ngapi tangu aipate. Tatu. Mtu aliyefyatua risasi tatu hawezi kujua kama traiga ni ngumu, sawa na mtu aliyeonja ulanzi mara moja akasema ni mkali. Huenda tatizo ni mkono.

Kuna kipimo cha bure cha nyumbani. Kifanye hivi, na usiruke hata kipengele kimoja:

Chomoa magazini, kile kisanduku cha risasi. Vuta nyuma slaidi, kile chuma cha juu kinachoteleza, risasi iliyoko kwenye chemba (nyumba ya risasi nyuma ya mtutu) itoke, tazama ndani ya chemba kwa jicho, kisha ingiza ncha ya kidole kidogo uhakikishe kwa kugusa. Risasi zote zipeleke chumba kingine ufunge mlango. Chagua ukuta wa tofali ambao nyuma yake hakai mtu. Ukuta wa mbao au mabati haufai. Rudia kutazama chemba. Sasa lenga kitu kidogo ukutani, mtu mwingine aweke sarafu ya shilingi 200 juu ya slaidi karibu na alama ya mbele, akiwa amesimama ubavuni na si mbele yako. Vuta traiga taratibu mpaka nyundo ya nyuma ianguke. Sarafu ikidondoka, mkono wako ndio uliotikisika.

Wenye bastola ya Browning Hi-Power kama yangu mtakuta haivutiki ikiwa magazini imetoka. Haijaharibika, ndivyo ilivyoundwa tangu 1935. Weka magazini tupu, uliyoikagua hiyo nayo kwa jicho na kidole. Ukipata risasi za bandia za mazoezi, tumia hizo ili pini, ile inayogonga kitako cha risasi, isigonge hewa.

Fanya mara kumi kila jioni kwa mwezi mmoja, ukiandika kwenye daftari sarafu imekaa mara ngapi. Mazoezi yakiisha, sema kwa sauti "nimemaliza", ndipo ukafuate risasi. Watu wengi waliopiga luninga zao risasi bila kukusudia walikuwa wameshamaliza mazoezi wakajaza silaha, halafu wakataka "ya mwisho tu".

Na jiulize swali jingine: unatembea chemba ikiwa na risasi au tupu? Wengi wetu tunatembea chemba tupu. Basi siku ya hatari muda wako utaliwa na kufunua koti, kuchomoa na kukoki, yaani kuvuta slaidi ili risasi iingie kwenye chemba. Traiga nyepesi haikuokolei hata robo sekunde hapo. Unalipia kitu ambacho hakiko kwenye njia yako.

Hatua ya tatu: tenganisha nje na ndani

Mimi huyagawa mabadiliko mafungu matatu, na mafungu haya hayalingani hata kidogo.

La kwanza ni ya nje, yanayoweza kurudishwa kama yalivyokuwa ndani ya dakika tano. Alama ya mbele ya kulengea ikiwa nyeusi, na wewe unatembea alfajiri ya ukungu Makambako, huioni. Tone la rangi ya kucha, la chungwa au nyeupe, linatosha. Muombe binti yako, usimwambie ni ya nini. Kitako, pale pa kushikia, kikiteleza kwa mikono iliyokufa ganzi ya baridi, kata kipande cha tyubu ya baiskeli ukivute juu yake kama soksi, ukihakikisha hakigusi kitufe cha kutolea magazini wala sefti, ile swichi ya usalama. Vibao vya kitako vinene vikibadilishwa kwa vyembamba vya kiwandani, mtu mwenye kiganja kidogo ataifikia traiga vizuri, na mara nyingi lile lalamiko la "traiga ngumu" huishia hapo hapo. Kidole kifupi kinachovuta kwa ncha kitaona kila traiga ngumu.

La pili ni kubadili kipuri kilichochoka kwa kipuri kile kile cha kiwanda: springi ya magazini, springi ya slaidi, alama za kulengea. Hayo ni matengenezo. Yafanywe na mwenye leseni, stakabadhi iwekwe pamoja na kitabu cha leseni.

La tatu ni ya ndani: springi ya nyundo, kijino cha chuma kinachoishikilia nyundo isianguke, pini, na vifaa vyote vya usalama. Haya usiyaguse. Naogopa kusema "usiyaguse" halafu nipite, kwa sababu mimi niliyagusa.

Mwaka 2014 nilimpa fundi mmoja Browning yangu. Alikuwa na sifa, na mimi nilikuwa na haraka. Alifanya mambo matatu. Alikitoa kile kidude kinachoizuia isifyatuke magazini ikiwa imetoka, kwa kuwa kinaisugua magazini na kuifanya traiga iwe nzito. Hilo ni kweli, kinaisugua. Alikata mizunguko miwili ya springi ya nyundo. Na akakipiga msasa kile kijino. Aliponirudishia nilivuta traiga nikacheka, ilikuwa laini kama kufungua kopo la soda. Nilimlipa na nauli juu.

Wiki mbili baadaye, kwa ruhusa ya polisi, nilikwenda kulenga shabaha nikisimamiwa na mwanajeshi mstaafu. Risasi 20. Ya nne ililia "ta", kimya. Ya tisa, kimya. Ya kumi na mbili, kimya. Mzee yule aliziokota zile zilizokataa, akanionyesha kitakoni mwa risasi: kwenye risasi nzima iliyofyatuka pini huacha shimo la kueleweka, kwenye hizi palikuwa na alama kama ya kucha iliyobonyeza ugali. Springi iliyokatwa haikuwa na nguvu ya kugonga. Risasi zilikuwa nzima. Angekuwa jambazi mbele yangu badala ya ubao, mara tatu kati ya kumi na mbili ningekuwa nimeshika jiwe zito la gramu mia tisa.

Kisha ikaja iliyonitoa jasho kwenye baridi. Niliweka magazini mpya, nikaachia slaidi irudi mbele. Kidole changu kilikuwa nje, nimekinyoosha ubavuni kama nilivyofundishwa. Slaidi ilipogonga, bastola ikafyatuka yenyewe. Kile kijino kilikuwa kimesuguliwa kiasi kwamba mtikisiko tu uliiachia nyundo. Na nyundo ile ile iliyokuwa ikishindwa kulipua risasi safari hii ikaweza, maana chuma kilichoharibiwa hakina mpangilio. Mtutu ulikuwa umeelekea kwenye tuta la udongo. Nilizoea kuijaza namna ile nikiwa sebuleni, mtutu ukitazama mlango wa chumba cha watoto.

Mzee aliichukua mkononi mwangu, akaitoa magazini, akaniambia, "Ndugu yangu, hili sasa ni gobole lenye magazini."

Kuirudisha kulichukua miezi saba na fedha ambazo bei ya fundi haikufikia hata robo yake: vipuri vya kiwanda kupitia muuzaji mwenye leseni, na fundi halali wa kuvifunga. Uhakiki wa silaha wa nchi nzima wa 2016 ulinikuta ikiwa nzima. Nadhani ndiyo siku pekee niliyokaa kwenye foleni ya serikali nikitabasamu.

Wenye bastola za kisasa mtasema hiyo ni Browning, chuma cha zamani. Sikilizeni hili basi. Mwaka 2017 SIG Sauer, kiwanda chenye wahandisi na mashine za kupimia, kilitangaza kuziboresha bila malipo bastola zake za P320 baada ya majaribio kuonyesha kuwa zikidondoka kwa pembe fulani zaweza kufyatuka. Sehemu ya tatizo ilikuwa uzito wa vipuri vya traiga. Gramu chache za chuma mahali pasipotakiwa ziliwasumbua hao, sembuse msasa wa uchochoroni.

Hatua ya nne: hesabu risasi za kujaribia

Hapa ndipo ushauri wa video za Marekani unapotupoteza, na ndilo jambo nililotaka kijana aondoke nalo hata kama angesahau mengine yote. Wale jamaa wakibadili kitu kwenye bastola ya kubebea, hufyatua risasi 200 au 300 kabla ya kuirudisha kiunoni. Ikikwama hata mara moja wanaanza upya. Wanaweza, kwa sababu risasi wanazinunua kwa katoni na uwanja wa shabaha uko kando ya barabara.

Wewe unanunua risasi kwa kibali, na idadi imepangwa. Viwanja vya raia kulengea shabaha havipo kila wilaya. Unaomba, unasubiri, unasimamiwa. Ukipata kufyatua 20 kwa mwaka umefanya vizuri. Kwa risasi 20 tatizo linalojitokeza mara moja katika hamsini huenda usilijue. Utalijua siku usiyotaka.

Kwa hiyo kabla ya badiliko lolote linaloingia ndani ya silaha, andika kwenye daftari: nitalijaribu kwa risasi ngapi, wapi, na kwa kibali gani? Kama mstari huo huna cha kuujaza, acha silaha kama ilivyotoka kiwandani. Kiwanda kilishafyatua risasi zile kwa niaba yako. Unapobadili springi unaufuta ule ushahidi wote, na huna risasi za kuutengeneza mwingine.

Uzito wa traiga nao hauna upande mmoja. Polisi wa jiji la New York kwa miaka mingi walizifanya traiga za bastola zao za Glock ziwe nzito zaidi, hadi pauni 12, yaani karibu kilo tano na nusu, wakati ya kawaida kutoka kiwandani ni kama kilo mbili na nusu. Walitaka kupunguza risasi zinazotoka kwa bahati mbaya mikononi mwa mtu mwenye hofu. Wakosoaji wakasema uzito ule unaharibu shabaha, nao walikuwa na hoja. Lakini jiji lile lina maelfu ya polisi wa kupimia mambo hayo. Wewe uko peke yako.

Hatua ya tano: jione uko kizimbani

Siku ukiitumia, Mungu apishe mbali, bastola haitarudi nawe nyumbani. Polisi wataichukua, wataalamu wa silaha wataipima: inafyatuka, haifyatuki, vifaa vya usalama vinafanya kazi, imeguswa, haijaguswa. Taarifa ile itasomwa mahakamani.

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kuanzia kifungu cha 18 na vidogo vyake, inakupa haki ya kujitetea mwenyewe, kumtetea mwingine na kutetea mali, kwa nguvu ya kiasi kinachohitajika. Hoja yako nzima itasimama juu ya hilo: nilifyatua kwa kukusudia, kwa sababu sikuwa na njia nyingine. Sasa wakili wa serikali ainuke na ile taarifa: "Shahidi, ni kweli traiga hii ilikuwa imelegezwa? Ni kweli kifaa cha usalama kilikuwa kimeondolewa? Je, ulikusudia kufyatua au ilikuponyoka?" Ukisema ilikuponyoka, umeshaachana na kujitetea, unaelekea kwenye kuua bila kukusudia. Ukisema ulikusudia, utaulizwa kwa nini mtu mwenye busara aliondoa kifaa cha usalama. Huenda ukashinda. Lakini utakuwa umemlipa fundi akutengenezee swali.

Mapambo nayo yanazungumza. Nimeona bastola ya bwana mdogo mmoja wa machimbo imechorwa fuvu na maneno ya kutisha ubavuni. Januari 2016, Mesa, jimbo la Arizona, polisi alimpiga risasi akamuua mtu asiye na silaha hotelini; bunduki ya polisi yule ilikuwa imechongwa tusi. Jaji alizuia maneno yale yasifike mbele ya baraza la jury, raia wanaoamua kesi huko, na mshtakiwa akaachiwa mwaka 2017, ila dunia nzima ilikuwa imeshayasoma magazetini. Kwetu hakuna jury ya kufichwa kitu. Jaji ndiye anayesikia na ndiye anayeamua. Fuvu lako atakuwa amelitazama.

Hatua ya sita: badili kinachoibeba

Ile fedha uliyotaka kumpa fundi wa traiga, anza nayo hapa. Nimeshaona silaha nzuri nyingi zikikaa kwenye mifuko ya kitambaa ya bei ya chee, zile zinazopinda kama soksi. Kifuko cha bastola, au ala kama wazee walivyozoea kwa kisu, kinatakiwa kifanye mambo matatu: kiifunike traiga yote kwa kitu kigumu, kiishike bastola hata ukiruka mtaro, na mdomo wake ubaki wazi ukishachomoa, ili urudishe bila kuutafuta kwa mkono wa pili. Ngozi iliyolowa jasho na mvua ikilegea, ule mdomo hujikunja ndani, na ukisukuma bastola chini unaingia kwenye traiga badala ya kidole. Kifuko kikifika hapo, kitupe.

Changu kilishonwa na fundi viatu wa hapa mjini. Sikumwachia bastola, hata dakika moja. Nilichonga mfano wake kwa kipande cha msindano, nikampa huo aukunjie ngozi mbichi juu yake mpaka ikauke na umbo. Kazi ilipoisha niliuchukua mfano ule nikautia jikoni, nikausubiri uungue wote, maana mwigo wa bastola ukiokotwa na kijana asiye na akili ni kesi nyingine. Mkanda nao uwe mnene. Mkanda wa suruali ya ofisini unainama, bastola inalala nje, na kila mtu stendi anajua unachobeba.

Halafu jaketi. Hili ni letu sisi wa nyanda za juu, watu wa Dar hawalijui. Kuanzia Mei mpaka Agosti huku tunavaa majaketi yenye kamba kiunoni, na mwisho wa kamba kuna kile kidude cha plastiki cha kubania. Unaporudisha bastola kwenye kifuko chini ya jaketi, kidude kile kinaingia kwenye tundu la traiga, ukisukuma kinashika, na bastola inafyatukia pajani. Mambo haya yamewakuta polisi wenye uzoefu wa miaka mingi katika nchi nyingine. Kwa traiga ya kiwandani una nafasi ndogo ya kuhisi kuna kitu kinakwama ukasimama. Kwa traiga iliyolegezwa huna.

Kata kamba zile. Zote, na ya kofia pia. Unaporudisha bastola, vuta jaketi pembeni kwa mkono wa pili, tazama kifuko kwa macho, ingiza taratibu. Hakuna anayekukimbiza wakati wa kurudisha. Na glovu nene vua kabla hujaishika.

Hatua ya saba: ilinde na hali ya hewa yetu

Mbeya mjini iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, Mafinga juu zaidi. Ukitoka nje alfajiri ukaingia kwenye chumba chenye jiko la mkaa, chuma baridi hutoka jasho, mpaka ndani ya mtutu na chini ya vibao vya kitako ambako huoni. Ukifika nyumbani iache kwanza dakika kumi na tano ipate joto la chumba ikiwa mahali salama unapoiona, kisha ifute kwa kitambaa kikavu, halafu mafuta mepesi kidogo sana. Mafuta ya cherehani yanafaa ukikosa ya silaha. Ya kupikia hapana, yanaganda kama gundi. Grisi nayo asubuhi za baridi inaipunguza slaidi kasi, na watu hudhani springi ni mbovu, wakakimbilia kubadili.

Wanaoshuka Chunya wapunguze mafuta zaidi, maana vumbi likikutana nayo linakuwa msasa. Wa Tukuyu na Rungwe, mvua haiwaachi, ifuteni kila jioni. Usiilaze usiku ndani ya kifuko cha ngozi. Ngozi inashika unyevu na asubuhi utakuta madoa ya kutu.

Kama umeshaibadili

Usiibebe kesho. Itoe risasi, ifungie, na usijaribu kuirekebisha mwenyewe kwa video. Kila kipuri cha asili ulichorudishiwa kiweke kwenye bahasha, andika tarehe. Nenda kwa mwenye leseni ya ukarabati, mwambie ukweli wote. Aliyefichwa kilichopigwa msasa atabadili springi aache kijino. Omba maandishi ya kila alichorudisha. Bahasha yangu bado iko kabatini, na ile springi iliyokatwa imo ndani. Nilimtolea kijana akaiona.

Aliigeuzageuza kiganjani, hakusema kitu, akanirudishia. Mwezi wa tisa alipita tena akielekea Iringa na fuso la viazi. Sarafu sasa inakaa mara nane kwa kumi, alisema, na ile traiga siku hizi anaiona ya kawaida tu. Ila ameona mahali taa ndogo nyekundu ya kulengea, inafungwa chini ya mtutu, nzuri kweli, je?

Nikamuuliza ofisi ya wilaya imesemaje. Hajaenda. Na kifuko kitakachoipokea bastola ikishafungwa taa? Hakuwa amekiwaza. Nikatazama jaketi lake. Kamba zilikuwa bado zinaning'inia, na vile vidude vyake vya plastiki viwili. Mkasi ninaokatia lebo za mbao ulikuwa mezani. Nikausukuma upande wake, nikaendelea kumimina chai.